Majina Tunayopeana

Maneno yaliyosomwa na mmoja wa Wadhamini wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nakuru



Halmashauri iliniandikia barua ikinitaka nizungumze juu ya "Taifa Letu na Makabila Yetu". Jambo hili ni kubwa kuliko kimo changu, nami kwa siku kadhaa nilijaribu kuliandika kwa ukubwa wake. Nikaanza na bendera, nikaendelea na wimbo wa taifa, na nilipofika ukurasa wa tatu nikatambua ya kuwa naandika hotuba ambayo ninyi nyote mmekwisha kuisikia, na ambayo wengi walioitoa walishuka jukwaani wakaenda kutenda yale yale waliyoyakataza. Nikaichana. Kisha nikafungua kabati, nikatoa vitabu vya hesabu za Chama hiki, ambavyo nilivitunza kwa miaka kumi na tisa nilipokuwa Mweka Hazina wenu, nikavisoma upya usiku kucha. Ndivyo vilivyonipa la kusema leo. Nitavirudia mwishoni, maana hapo ndipo penye ombi langu. Lakini kwanza naomba ruhusa ya kuzunguka kidogo.

Sisi watu wa Kenya twajuana kwa maneno machache mno. Mkikuyu, husemwa, apenda fedha. Mluo apenda kuonekana. Mkamba ni askari mtiifu, tena ana dawa mfukoni. Mmeru hasira zake ziko karibu. Mpwani hana haraka. Mkalenjin hukimbia, Mmasai hawezi kutengana na ng'ombe, na Mhindi amezaliwa nyuma ya meza ya duka. Na sisi Waluhya, je? Sisi ni wapishi, na walinzi wa usiku, na maadui wa kuku. Naona mnacheka, nami sikatai, kwa kuwa utani ni desturi ya zamani na makabila yaliyotaniana mara nyingi yalizikana pia. Nisingependa nchi ambayo watu wake hawawezi kuchekana. Nasema tu ya kwamba utani una mahali pake, na mahali pake si katika kitabu cha mwajiri, wala mlangoni pa mwenye nyumba, wala katika kikao cha Halmashauri.

Mwaka 1974 nililetwa katika mji huu nikiwa karani wa hesabu, kijana asiye na mke, nikatafuta chumba cha kupanga. Mzee mmoja mwenye nyumba alinipokea vizuri, akanionyesha chumba, tukapatana kodi. Halafu akaniuliza jina la baba yangu. Nilipolitaja, aliuvuta mlango polepole akaufunga kwa kufuli, akasema, "Kijana, sina neno nawe. Lakini watu wa kwenu hamkai mmoja mmoja. Nikimpa mmoja wenu chumba mwezi huu, mwezi ujao nina wanane pamoja na kuku." Niliondoka nimechomwa moyo. Na walakini, wazee wangu, yafaa niseme kweli yote: miezi minne baadaye, katika chumba nilichokipata kwingineko, tulikuwa tukilala watu sita. Kuku hatukuwa naye.

Hapo ndipo penye ugumu wa maneno haya. Mara nyingi hayakosi chembe ya kweli ndani yake, nayo chembe hiyo ndiyo inayoyafanya yadumu. Sisi tulikuwa sita kwa sababu ndugu zangu walikuwa wakitafuta kazi na mshahara ulikuwa mmoja, wala si kwa sababu ya damu ya Kiluhya. Yule mzee mwenyewe, kama nilivyokuja kujua baadaye, alikuwa amewaweka wapwa zake watano katika chumba cha uani. Wa kwake walikuwa wapwa. Wa kwangu walikuwa kabila. Nyani, wazee mwajua, haoni la kwake.

Sasa, maneno haya yalitoka wapi? Wako wanaodhani ya kuwa tumeyarithi kwa babu zetu tangu mwanzo wa dunia. Mengine, ndiyo, ni ya kale, kwani majirani waliopigania malisho na maji hawakuitana majina mazuri. Lakini mengi ya haya tunayoyatumia mijini ni machanga, nayo yalizaliwa kazini. Sheria ya kuwaandikisha wanaume wa Kiafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya kwanza. Kila mwanamume akapewa kipande chake, akakivaa shingoni katika kikopo cha bati, na ndani yake mkaandikwa jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, na bwana aliyemwajiri. Tajiri aliyetaka mtumishi hakuwa na haja ya kumtazama mtu; alisoma mstari wa kabila. Kabila hili lafaa jikoni, lile lafaa shambani, lile lingine lafaa bunduki. Baba zetu walipoingia kazi za jikoni, kwa kuwa kodi ya nyumba ilidaiwa na fedha hazikupatikana kijijini, waliwaita ndugu zao waje wafanye kazi ile ile waliyoijua. Baada ya miaka thelathini mtu akatazama jikoni akaona Waluhya, akasema, "Hawa wamezaliwa kupika." Mimi mama yangu ndiye aliyepika. Baba yangu hakujua kuchemsha yai mpaka alipofika katika nyumba ya Mzungu.

Watazameni Wakamba. Wazungu waliwasifu sana kuwa ni kabila la vita, wakawaandika kwa wingi katika jeshi la K.A.R. na katika polisi, na hata leo mtoto wa Kikamba akiwa mpole huulizwa mbona hakwenda jeshini. Lakini katika karne ya kumi na tisa Wakamba walijulikana zaidi kwa biashara. Misafara yao ilichukua meno ya ndovu kutoka bara hadi Mombasa, kabla Waarabu na Waswahili hawajaishika njia hiyo. Tena walipoguswa katika mali yao hawakuonyesha utiifu ule uliosifiwa. Mwaka 1938 serikali ilipoanza kuwanyang'anya ng'ombe zao huko Machakos, kwa hoja ya kwamba mifugo imezidi ardhi, waume kwa wake walifunga safari kwa miguu mpaka Nairobi kutaka kumwona Gavana, wakakaa huko kwa majuma, wala hawakurusha jiwe. Muindi Mbingu, mmoja wa viongozi wao, alikamatwa akahamishiwa Lamu. Lakini mwishowe ilikuwa serikali iliyolegeza. Basi tuseme Mkamba ni nani: mfanya biashara, au askari, au mtu wa kudai haki kwa utulivu? Ni yote hayo, kwa nyakati mbalimbali na kwa sababu zinazoeleweka, kama watu wengine.

Labda mtasema kuwa sifa njema haimdhuru mtu. Sina hakika. Sifa nayo ni kigingi. Ng'ombe aliyefungwa penye majani mazuri bado amefungwa. Twasema Wakalenjin ndio wakimbiaji, na kweli Kipchoge Keino alituletea heshima isiyosahaulika. Walakini medali ya dhahabu ya kwanza ya Kenya katika michezo ya Olimpiki ililetwa na Naftali Temu, Mkisii, katika mbio za mita 10,000 huko Mexico mwaka 1968. Dhahabu yetu ya kwanza ya Olimpiki katika mbio za marathoni ililetwa na Samuel Wanjiru, Mkikuyu, huko Beijing mwaka 2008. Na Julius Yego, ambaye ni Mnandi, na ambaye kwa desturi ya maneno yetu alipaswa kukimbia, alichukua mkuki, akajifunza kuurusha kwa kutazama picha za wengine katika intaneti, na mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia. Kama angewasikiliza watu wa kijijini kwake, ule mkuki ungelala bure.

Nije kwenye majina yenyewe ya makabila, kwani hapa sisi wazee tuna ushuhuda ambao vijana hawana. Babu yangu mzaa baba alikuwa Mbukusu. Alifariki bila kujua ya kuwa yeye ni Mluhya. Msishangae. Jina hili tunalolivaa leo kana kwamba limetoka kwa Adamu lilienea katika miaka ya 1930 na 1940. Kabla ya hapo palikuwa na Wabukusu, Wamaragoli, Wanyore, Wawanga, Wamarachi, Wasamia, Watiriki na wengineo, nao Wazungu, bila kuuliza, walituita Wakavirondo pamoja na majirani zetu Wajaluo. Wala hatukuwa tunapendana hivyo. Mwaka 1895, Waingereza walipowapiga Wabukusu katika maboma ya Lumboka na Chetambe, walikuwa na wasaidizi kutoka upande wa Wanga, na baadaye machifu wa Kiwanga waliwekwa juu ya watu wasiowataka. Babu yangu angeona afadhali binti yake akae bila kuolewa kuliko kumwoza kwa Mwanga. Leo katika ukumbi huu Mweka Hazina ni Mwanga, Mwandishi ni Mmaragoli, nami Mbukusu nimesimama mbele yenu, na hakuna hata mmoja aliyeliona hilo kuwa jambo la kutajwa.

Ni nani aliyefanya kazi hiyo? Si serikali peke yake. Vyama kama hiki chetu ndivyo vilivyoifanya. Watu waliokutana Nairobi, Mombasa na Nakuru, mbali na nyumbani, wakaona ya kuwa maiti mmoja ni mzigo mzito kwa Watiriki watano lakini ni mwepesi kwa Waluhya hamsini. Vivyo hivyo kwa wengine. Jina la Kalenjin, ambalo maana yake ni "nakuambia", lilishika katika miaka ya 1940 na 1950, likawakusanya Wanandi, Wakipsigis, Watugen, Wakeiyo na wenzao. Kule Pwani, watu waliokuwa wakiitwa Wanyika, yaani watu wa porini, walilikataa jina hilo la dharau wakajiita Mijikenda, kwa ile miji tisa ya asili yao. Jamaa wa misituni walioitwa Wadorobo waliitwa hivyo kwa neno la Kimasai la kumtaja mtu maskini asiye na ng'ombe. Wao wenyewe hujiita Okiek. Na hili jina la Kenya lilipataje kuwa letu sote? Mwaka 1849 mfanya biashara wa Kikamba aitwaye Kivoi alimweleza mmisionari Krapf, Mjerumani, habari za mlima mweupe ulio katika nchi ya jirani zake. Wakikuyu wanauita mlima huo Kirinyaga. Krapf aliandika jina kama alivyolisikia kinywani mwa Mkamba, na mwaka 1920 serikali ya Uingereza ikalibandika juu ya koloni zima. Kwa hiyo kila Mkenya anayejivunia jina la nchi yake hutamka mlima wa Wakikuyu kwa matamshi ya Kikamba yaliyopita katika sikio la Mjerumani. Mimi naona jambo hilo ni zuri, na nasikitika ya kuwa hatuwasimulii watoto.

Ninachotaka mkishike, wazee wangu, ni hiki: mipaka ya "sisi" imekwisha kupanuliwa mara moja katika maisha ya watu waliomo humu. Waliipanua watu wasio na elimu kubwa, kwa daftari na sanduku la fedha.

Lakini mipaka hiyo yaweza pia kufanywa ukuta. Serikali ya kikoloni iliporuhusu tena vyama vya siasa vya Waafrika mwaka 1955, iliviruhusu kwa wilaya tu, si kwa nchi nzima, na kwa kuwa wilaya zilikuwa zimekatwa kwa kufuata makabila, tulijifunza siasa kama mtoto anavyojifunza kutembea ndani ya ua. Uhuru wa mwaka 1963 ulitukuta na tabia hiyo miguuni. Sina haja ya kuieleza historia yote iliyofuata; mnaijua, na wengine mmeilipia.

Nitasema tu niliyoyaona. Nilikuwa hapa Nakuru mwezi wa Januari 2008. Katika nchi nzima, baada ya uchaguzi ule, waliuawa watu zaidi ya 1,100, na mamia ya maelfu wakahama makwao. Katika mtaa wetu vijana walizuia barabara kwa mawe na magogo, na kila aliyefika aliulizwa jina. Jina la ubatizo halikuwatosha. Walitaka jina la baba. Nilipokuwa nimesimama pale na kitambulisho changu mkononi, nikakumbuka mlango wa mwaka 1974. Swali lilikuwa lile lile. Yule mzee alilitumia kuninyima chumba, na hawa walilitumia kuamua nani apite na nani asipite. Mimi nilipita. Jirani yangu, fundi viatu, ambaye watoto wake walikula kwangu na wangu wakala kwake, hakurudi tena katika mtaa ule. Yu hai, Mungu ashukuriwe, lakini anakaa wilaya nyingine, na nyumba yake aliiuza kwa bei ya mabati.

Na lugha iliyotumika ilikuwa Kiswahili hiki hiki tunachokisifu kuwa kinatuunganisha. Neno "madoadoa", ambalo tangu utoto wangu nililijua kwa ng'ombe na chui, liligeuzwa likawa jina la watu waliokaa katika eneo lisilo "lao". "Kwekwe" vilevile: mkulima akisema kwekwe, msikilizaji anajua lifuatalo ni jembe. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iliyatangaza maneno ya namna hiyo kuwa ya chuki. Ilifanya vema. Sheria pia tunayo: ile ya mwaka 2008 inasema ofisi ya umma isiajiri zaidi ya theluthi moja ya watu wake kutoka katika jamii moja, na Katiba ya mwaka 2010 inakataza mtu kubaguliwa kwa ajili ya kabila lake. Lakini sheria haiketi katika vikao vyetu vya Jumapili alasiri.

Hata katika mambo mema nchi yetu huona taabu kumtambua mtu asiye na kabila. Wamakonde, ambao wazee wao walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Pwani, waliishi hapa kwa miaka mingi bila vitambulisho, mpaka walipotembea kutoka Kwale kuelekea Nairobi mwaka 2016 kumwona Rais. Walipopewa haki yao, ilitangazwa kuwa wao ni kabila la arobaini na tatu. Wahindi nao mwaka 2017 wakatangazwa kuwa la arobaini na nne. Nilifurahi kwa ajili yao, kisha nikajiuliza: kwani mtu hawezi kuwa Mkenya mpaka kwanza apewe nambari ya kabila? Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019 tulikuwa milioni 47 na zaidi, na kabila kubwa kuliko yote halikufikia hata mtu mmoja katika kila watano. Katika nchi ya namna hiyo kila mmoja wetu ni mgeni wa mwenzake karibu kila mahali aendapo.

Sasa narudi kwenye vitabu.

Mwanachama wetu mmoja, ambaye jina lake sitalitaja, alioa mke wa kabila lingine. Alifariki mwaka 2003, nasi tulimzika kwa heshima, kama kanuni zinavyotaka. Mjane wake aliomba aendelee kulipa ada kwa jina lake mwenyewe, na kwa kuwa hakuna aliyekataa, nilimfungulia ukurasa. Mwaka 2014 mama yake mzazi alifariki. Kanuni zetu, kama mjuavyo, humpa mwanachama shilingi 30,000 anapofiwa na mzazi. Akaleta barua yake. Halmashauri ikakaa, nami nilikuwamo.

Yaliyosemwa katika kikao kile hayakuandikwa katika kumbukumbu, lakini mimi nayakumbuka. Ilisemwa kuwa Chama hiki ni cha watu wa nyumbani, na marehemu yule si wa nyumbani. Kisha ilisemwa kwamba wanawake wa kabila lile wanajulikana. Leo ni mama, kesho atakuwa shangazi, na kesho kutwa sanduku litakuwa tupu. Kabila hilo sitalitaja. Mnaweza kulikisia, na huko kukisia kwenu ndiko ninakokuzungumzia. Maneno hayo ya pili, juu ya sanduku kuwa tupu, niliyasema mimi.

Tulimnyima. Mimi ndiye niliyetumwa kumwambia. Hakubisha. Aliniuliza tu kama ada ya mwezi ule imekwisha kupokelewa. Nikamjibu bado, naye akafungua kibeti chake, akahesabu shilingi mia mbili, akaomba stakabadhi. Nikamwandikia stakabadhi ile kwa mkono huu.

Basi usiku ule niliposoma vitabu kwa ajili ya hotuba hii, nilifungua ukurasa wa mama yule. Kuanzia mwaka 2003 hadi nilipokabidhi ofisi mwaka 2017, hakukosa mwezi hata mmoja. Nikafungua kurasa za wale tuliokuwa katika kikao kile cha 2014. Tulikuwa saba. Wanne kati yetu siku ile tulikuwa na deni la ada, na mmoja wa hao wanne alikuwa Mweka Hazina. Nikazidi kutazama, nikaona jambo lililonifedhehesha zaidi. Mwaka 2008 na tena mwaka 2011 Chama kililipa fedha za mazishi kwa wanachama wawili, wana wa nyumbani, waliofiwa na mama wakwe zao. Na mama wakwe hao wote wawili walikuwa wa makabila mengine. Hakuna aliyeuliza kitu. Mwanamume wetu alipofiwa na mama mkwe wa kabila la mbali, tulilipa. Mwanamke aliyeolewa kwetu alipofiwa na mama yake mwenyewe, tukakumbuka kabila. Kanuni haikutuongoza mara zote mbili. Tuliongozwa na lile neno letu juu ya watu wa kwao, na hesabu ilikuwepo mbele ya macho yangu, nami sikuifungua kwa kuwa nilidhani najua.

Najua pingamizi zitakazotolewa, na si za kudharauliwa. Mzee mmoja ameniambia ya kuwa tukifungua mlango huu Chama kitapotea, kwa maana kifo ndicho kitu cha mwisho ambacho bado tunacho wenyewe. Nimeifikiri sana hoja hiyo. Wengi wetu twakumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986, jinsi mjane wake, Wambui, wa jamaa ya Waiyaki, na ukoo wa mumewe walivyoshindana mahakamani kwa miezi kadhaa juu ya mahali pa kumzika, mpaka Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo ushindi, naye akazikwa Nyalgunga mwezi wa Mei 1987. Nchi nzima iligawanyika, na hata nyumbani kwangu hatukusema neno moja. Siji hapa kuamua kesi hiyo upya. Mazishi ni jambo la kina, na sitaki mtu yeyote atunyang'anye nyimbo zetu za matanga wala lugha tunayowalilia wafu wetu. Lakini mama huyu hakuomba kumzika mtu wetu mahali pasipo petu. Aliomba alipwe kwa ada aliyoilipa.

Wengine watasema: tuvunje kabisa vyama vya namna hii, tuwe Wakenya tu. Hilo lilikwisha kujaribiwa. Mwaka 1980 serikali iliagiza vyama vya makabila vivunjwe; hata klabu ya mpira ya Abaluhya ikabadili jina ikawa A.F.C. Leopards. Sisi nasi tulipiga rangi ubao wetu, tukaandika jina jipya lisilo na kabila, na Jumapili iliyofuata tukakutana wale wale, tukasema yale yale. Ubao hautoshi. Wala siwaamini sana vijana wanaoniambia kwa Sheng yao ya mjini kwamba wao hawana kabila. Nimewaona kura zinapokaribia, na nimewaona penye matangazo ya vifo. Afadhali mtu aliye na kwao, akajua kuwa mwenzake pia ana kwao.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, kwa idhini yako natoa hoja yenye sehemu mbili. Kwanza, katika Ibara ya 9 ya Kanuni zetu, maneno "mzaliwa wa kwetu" yaondolewe, na mahali pake paandikwe "aliyelipa ada yake", ili mume au mke wa mwanachama, wa kabila lolote, awe na haki sawa na wengine juu ya wazazi wake. Pili, mama niliyemtaja alipwe shilingi 30,000 zilizomstahili mwaka 2014. Halmashauri ikiona ya kuwa sanduku haliwezi kulichukua deni hilo, mimi nitatoa nusu yake, maana neno la sanduku kuwa tupu lilikuwa langu.

Hakunituma. Yumo ukumbini, ameketi pamoja na akina mama wenzake upande wa dirisha, na nimemwomba radhi nyumbani kwake kabla ya leo. Alinipa chai, akaniuliza kama deni langu la ada nimekwisha kulilipa. Nimelilipa, stakabadhi yake ni nambari ya mwisho katika kitabu hiki ninachokiweka sasa mezani pako, pamoja na vitabu vya mwaka 2003 hadi 2017, ili mwanachama yeyote apendaye avikague kabla ya kura kupigwa.